Kazi Tuliyoachiana Mimi na Baba Mkwe

Kawetele, Tukuyu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili uipokee kwa niaba ya mjukuu wako Lusekelo, ambaye yuko hapo nje anacheza na matope kama vile nguo zinafuliwa na mtu mwingine. U hali gani, mama? Macho yanaendeleaje? Salome aliniambia jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu, na la kulia watu unawaona kama vivuli. Kwa hiyo najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Salome mdogo wangu, msomee mama pole pole, usiruke mahali, hata pale utakapoona dada yako anajiaibisha. Mkilia lieni, halafu endelea kusoma.

Sisi kwa afya hatujambo. Mtoto ana mafua tu, na mafua huku hayahesabiwi ugonjwa. Mvua ya Tukuyu mnaisikia kwa kusimuliwa. Mimi huu mwaka wa saba na bado sijaizoea. Nikifua Jumatatu navaa Ijumaa, na nguo inanuka moshi maana imekaukia jikoni. Ambokile mume wangu hajambo, bado anaendesha lile Fuso la ndizi, Dar na kurudi. Nyumbani anapita siku mbili, anakula, analala, anaondoka.

Mama, nilikuahidi kwamba kabla ya Krismasi nitakuja Kilosa nimlete mtoto umwone wakati macho bado yanaweza. Krismasi imepita. Salome ananiambia ulimfunga jogoo wiki nzima ukinisubiri, na mwisho ukasema, "Basi, mwacheni, labda ameshasahau kwao." Neno hilo limenichoma, mama. Sijasahau kwetu. Nauli nilikuwa nayo. Niliishika kwa mkono wangu huu, nikaitumia kwa jambo jingine. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningelia tu mpaka vocha iishe na wewe usielewe kitu.

Nianzie mbali kidogo. Ulinifunda vizuri nilipoolewa: mheshimu baba mkwe kama baba yako, mpigie magoti, mpelekee maji ya kuoga. Mama yangu we, mafundisho yale yote niliyamwaga siku ya kwanza. Nilitoka asubuhi na ndoo ya maji ya moto kuelekea alikokaa mzee, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akanikamata kiuno akanirudisha jikoni kama kuku aliyeingia sebuleni. Huku, mama, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamsalimii, hamwangalii, hapiti alipokaa, na jina lake halitamki. Mkikutana njiani unaingia migombani unampa mgongo mpaka apite. Vijana wa mjini siku hizi wameyalegeza hayo, lakini wazee wa Kawetele hawajalegeza kitu. Kwao ndiyo heshima yenyewe.

Mwanzoni nilikasirika. Unanijua mimi kwa hasira. Nilimwambia Ambokile, kwani baba yako anadhani nina ukoma? Akacheka, akasema nitazoea. Na kweli nilizoea. Mzee akija alikohoa kutoka mbali, mara mbili, kikohozi cha makusudi, ili nipate nafasi ya kuondoka bila kukimbia. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Ndizi zikiiva nilizikuta mlango wa nyuma. Nilipojifungua Lusekelo, nilikaa wiki mbili kwa jirani, na niliporudi nilikuta paa la jikoni limezibwa, halivuji hata tone, na aliyeliziba hayupo. Miaka sita niliishi naye hivyo. Kama ungeniuliza baba mkwe wako yukoje, ningekuambia ana buti za mvua nyeusi na anakohoa mara mbili. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema.

Sasa kazi. Unajua nilikuwa kwenye ghala la kufungasha parachichi, kwenye barabara ya Kiwira. Miaka mitatu mezani, nachambua, kubwa huku, ndogo huku, zenye kovu kwenye kreti la mabovu. Mkataba nilikuwa nao, mshahara kila mwezi. Likizo ya mwaka wa kwanza nilichukua. Ya mwaka wa pili na wa tatu nikaambiwa ngoja kwanza, mzigo ni mwingi. Sikugomba. Nilijisemea, zikusanyike, nizichukue zote pamoja niende kwa mama nikae naye siku za kutosha.

Mwezi wa tisa ng'ombe wa mzee alikufa. Alikuwa mmoja tu. Mzee akaamua, bila kumwambia mtu, kwenda kutafuta kibarua ili anunue mwingine. Ujanani alikuwa anapima majani kwenye shamba la chai, kwa hiyo mizani anaijua. Meneja wetu, mtu wa mbali, hajui habari za huku, alikuwa anatafuta mtu mzima mwaminifu wa kukaa kwenye mizani. Wakakubaliana. Mzee alijua tu kwamba mkamwana wake yuko "kwenye parachichi", na maghala ya parachichi huku ni mengi. Nami nilikuwa natoka nyumbani kabla hajaamka.

Jumatatu nipo mezani, saa tatu hivi, nasikia kikohozi. Mara mbili.

Parachichi lilinitoka mkononi, mama. Kabla sijafikiri nilikuwa chini ya meza. Ghala lile ni chumba kimoja, na mizani iko mlangoni, kila kreti linapita mbele yake. Mama Tumaini, mwenzangu wa meza, Mnyakyusa, alielewa palepale, akatandaza khanga yake ikaning'inia mbele yangu kama pazia. Meneja akapita.

"Asteria, kuna nini huko chini? Umeona nyoka?"

Nikajivuta zaidi chini ya meza.

"Mwache, bosi," Mama Tumaini akasema. "Mkwe wake yupo."

"Mkwe ndiyo nini? Simba?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nilicheka huko chini, halafu nikaona machozi yanatoka. Mpaka saa sita nilikuwa nachambua nimejificha nyuma ya ukuta wa makreti, na kila nikisikia buti zile naacha kazi nageukia ukutani. Nikawaza: nikimwambia meneja amwondoe mzee pale, nitakuwa nimemfukuzisha baba wa mume wangu kazi, siku yake ya kwanza, mbele za watu. Nikamwambie mzee mwenyewe? Kwa mdomo upi? Basi nikaona yeye ni mtu mzima na ng'ombe amemfia, acha nimwachie. Nilikunja aproni, nikaiweka juu ya kreti, nikatokea mlango wa nyuma wa kutupia mabovu. Sikuandika notisi, sikumuaga mtu.

Kesho yake nipo nyumbani napepeta mchele, saa nne, nasikia kikohozi migombani. Nikashangaa. Leo hakwenda? Mara mama mkwe akaja, uso wake haueleweki.

"Mama Lusekelo, ni kweli umeacha kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Nimemwachia baba."

Alikaa chini kwenye kizingiti. Akajipiga mapaja. "Mwe! Na yeye amekuachia wewe!"

Mama, mzee aliwasikia wale wanawake wakicheka, akaniona miguu chini ya khanga. Naye aliondoka saa sita ile ile, mlango wa mbele, akamwambia mlinzi, "Humu yupo mkamwana wangu, mimi sifai kukaa." Alimwambia mke wake hawezi kumfukuza kazini mtoto wa watu aliyetoka kwao mbali. Yeye huku, mimi kule, hakuna aliyejua mwenzake ametoka. Na siku ile ya pili nafasi zote mbili zilikuwa zimeshapata watu. Tulicheka na mama mkwe mpaka tukashikana. Nilimsikia hata mzee anacheka peke yake huko migombani.

Nilipokwenda kudai changu, karani wa ofisi hakuniangalia hata usoni. "Umetoroka kazi. Aliyeacha bila notisi hana chake hapa. Shukuru hatukudai sisi." Nikaamini, mama. Nilijiona nina kosa, na mwenye kosa anaona aibu hata kuuliza. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama mkwe nauli ya Kilosa imekufa.

Asubuhi yake mzee akaja akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni. Akaanza kumwambia mke wake, kwa sauti ambayo hata jirani anasikia:

"Mwambie mtoto huyo, kuacha bila notisi amekosea, lakini hajaiba. Siku alizofanya kazi ni zake. Likizo ambayo hakupewa ni yake. Mimi kwenye chai nimeona wengi wanatishwa hivyo wanaondoka mikono mitupu. Kesho aende Mbeya kwa afisa kazi. Nitatangulia, anifuate."

Mama mkwe ananigeukia, "Umesikia?" Nami, kwa kupaza sauti, "Mwambie nimesikia, mama."

Tukaenda. Yeye mbele hatua thelathini, mimi nyuma nimeinamisha mwavuli nisimwone. Kwenye gari yeye kiti cha mbele, mimi cha mwisho kabisa. Ofisi ya afisa kazi ni chumba kimoja, kwa hiyo mimi niliingia, yeye akabaki barazani. Na baraza lenyewe, mama, ni kipande cha bati tu, mvua inaingia ubavuni.

Afisa ni dada kijana, si wa huku, anaongea haraka lakini anaeleza vizuri. Akasoma mkataba wangu. Akasema anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku ishirini na nane. Mimi sikutoa, kwa hiyo mwajiri ana ruhusa kukata mshahara wa siku hizo kwenye ninachomdai. "Hapo ulikosea, dada, na itakuuma. Lakini akate hizo tu. Zinazobaki, za siku ulizofanya na za likizo, akupe. Na cheti cha kuonyesha ulifanya kazi pale akupe pia." Halafu akachukua kalamu. "Sasa niambie, kwa nini uliondoka ghafla?"

Nikasema, "Kuna mtu aliajiriwa." "Nani?" Nikaangalia mlango wa barazani. "Alikufanyia kitu kibaya?" Loo! Nikapiga kelele hapana, hapana, kabisa. Ikabidi nimwombe anitoe kwa mlango wa uani, amwite mzee aliye barazani. Nilisimama uani chini ya dirisha. Nilimsikia anaeleza yote, kwa Kiswahili chake kile kizito, na mwisho akasema, "Huyu si mkorofi. Huyu ni binti yangu. Alikimbia kwa kuniheshimu." Mama, mimi baba nilimzika nikiwa na miaka minne. Sikuwahi kusikia mwanamume mtu mzima ananiita hivyo. Nililia pale uani kama mjinga.

Tulikwenda mara tatu. Mara ya pili watu wa ghala hawakutokea, tukarudi bure. Mvua za Novemba zilikuwa zimeshika, na mzee kila mara pale barazani, koti limelowa, hataki kuingia ndani kwa sababu mimi nimo. Siku ya tatu, niko ndani tunasubiri, nasikia anakohoa. Nikainuka haraka nijifiche, nikijua anakuja. Hakuja. Akakohoa tena, na tena, hakuacha. Haikuwa ishara, mama. Alikuwa anaumwa.

Siku hiyo meneja alikuja mwenyewe. Si mtu mbaya, naye. Hesabu ilipigwa, wakakata za notisi, na ilikata kweli kweli, wakanilipa zilizobaki. Ilikuwa nauli yangu na mtoto, kwenda na kurudi, na ya kukupeleka wewe hospitali ya macho. Nilivyokuwa nasaini, meneja akaniuliza, "Dada, kwa nini hukuniambia tu? Ningempeleka mzee kwenye mizani ya nje, getini. Ilikuwa dakika moja." Nikamaliza kusaini.

Wiki ile ile mzee alilazwa kwenye hospitali ya misheni. Homa ya mapafu, walisema, na umri. Ambokile alikuwa Dar, Fuso limekufa injini, hela yote imeingia kwenye vipuri. Mimi sikuruhusiwa wodini. Nilipika uji, nikaupeleka mpaka mlangoni, mama mkwe akaupokea. Fedha zangu nikampa yeye. Akazikataa, akasema hizi ni za kwenda kwa mama yako. Akaingia kumwambia mzee, na nilimsikia kwa masikio yangu anajibu kwa taabu, "Mwambie asiziguse. Mama yake anapofuka. Aende kwao." Ndiyo amri yake pekee niliyoivunja. Nilikwenda dirisha la malipo, nikalipa dawa, nikalipa kitanda. Nililipa siku tisa. Siku ya kumi zilizobaki tulinunulia mbao za jeneza.

Alipokuwa amelazwa pale sebuleni, kabla ya kumpeleka migombani kuzikwa, wanawake walikuwa wanalia na mimi nilikuwa nalia jikoni, mahali pangu. Mama mkwe akanifuata, akanishika mkono, "Njoo umuage." Nilifika mlangoni, mwili wenyewe ukageuka, nikampa mgongo. Akanishika mabega akanigeuza. "Mwangalie, mwanangu. Leo hamna wa kumkwepa."

Nikamwangalia. Mzee mdogo, mama, mdogo kuliko nilivyodhani, ana kovu kwenye nyusi na midomo kama ya mtu anayetaka kucheka. Nikasema, "Ndaga, baba." Huku ndiyo asante. Ni neno moja tu, na ndilo pekee nililowahi kumwambia yeye mwenyewe. Hakulisikia.

Basi mama, hiyo ndiyo nauli yako. Sikuila, sikuichezea. Lakini ilikuwa ya macho yako, nami nimeizikia mtu mwingine, na najua kila wiki inayopita kuna kitu unaacha kukiona. Ukinikasirikia una haki. Nigombeze, nikaripie, nitakaa kimya nisikilize, ila usiseme tena nimesahau kwetu. Cheti nimeshakipata, na mwezi ujao kuna ghala jingine linaajiri. Sitakuahidi tarehe. Nimeona ahadi yangu imekufungisha jogoo bure.

Nisalimie kaka mkubwa, mwambie asante kwa kukupeleka kliniki mara zile mbili. Nisalimie shangazi wa mtaa wa reli, najua ndiye wa kwanza kusema nimesahau kwetu, mwambie nimemsamehe nusu. Mjomba fundi cherehani mpe shikamoo yangu. Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema unamdai samahani, na anashindwa aianzie wapi. Salome, asante kwa sauti yako, sasa mpe mama kitambaa ajifute.

Mama, nikija nikakuta macho yameshazima, nitamweka Lusekelo mapajani mwako. Umshike uso kwa mikono yako, paji, nyusi, midomo, usiwe na haraka, atatulia. Uso ule wote ni wa babu yake. Mimi niliishi naye miaka sita, na nimelijua hilo siku ya kumzika.

Mwanao anayekuwaza kila siku,

Asteria, Mama Lusekelo